Taa Ambayo Mume Wangu Hakuwahi Kuiona

Kuna nyumba zinazogombana kwa sababu ya simu. Nyingine ni mawifi, nyingine ni pesa ya matumizi. Sisi tuligombana kwa sababu ya taa ndogo ya njano, ukubwa wa punje ya mahindi, iliyoko kwenye dashibodi ya gari. Msicheke. Taa ile nusura ituvunjie nyumba.

Mimi ni afisa ugani. Wakulima wananiita bibi shamba, na nimeshazoea. Kituo changu cha kazi kiko Issuna, wilaya ya Ikungi, kando ya barabara kuu inayotoka Manyoni kwenda Singida mjini. Kazi yangu ni alizeti, mtama na uwele, na njia zangu ni za vumbi, mawe na makorongo. Mume wangu anafanya kazi ya ofisini Singida mjini, kilomita 63 kutoka kwangu. Jumatatu hadi Ijumaa nalala kwenye chumba nilichopanga Issuna. Ijumaa jioni narudi nyumbani kwetu, tunakuwa mume na mke hadi Jumapili.

Gari letu ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, ya gia za mkono. Tulilinunua kwa mtu, mwaka wa pili wa ndoa, kwa pesa tulizodunduliza wote wawili. Yeye kazini anakwenda kwa miguu, kwa hiyo gari linakaa na mimi. Mwisho wa wiki analiendesha yeye.

Taa ya cheki injini iliwaka kwa mara ya kwanza mwezi wa tano mwaka 2023, asubuhi, nikiwa natoka kwenda shamba la mfano. Ikawaka kama dakika mbili, ikazima. Kesho yake ikawaka tena nilipopita korongo. Siku ya tatu kimya. Nikampigia mume wangu. Akasema, “Ijumaa njoo nalo nilitazame.”

Ijumaa nikaja nalo. Taa haikuwaka hata mara moja njia nzima. Jumamosi akaliendesha kutwa, akaenda nalo sokoni, akaenda nalo kwa rafiki zake. Hakuna taa. Aliporudi akaniwekea funguo mezani, akatabasamu. “Mke wangu, umechoka na kazi. Unaona vitu.”

Wanawake wenzangu mnajua hilo neno linavyouma. Unaona vitu!

Jumatatu, kabla sijafika mbali na chumba changu, taa hiyo hapo. Nikaipiga picha kwa simu, nikamtumia. Akajibu kwamba gari linahitaji plagi. Tukanunua plagi nne. Wiki iliyofuata taa ikarudi. Fundi mwingine wa mjini akasema sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye ekzosi. Tukanunua, na bei yake ilitufanya tuahirishe bati za nyumba tunayojenga. Taa ikakaa siku nne, ikarudi. Kila nikisema imerudi, mume wangu anauliza, “Mbona mimi siioni?” Mimi namjibu, “Kwa hiyo mimi ni mwongo?” Basi jioni imekwisha hapo.

Mwezi wa sita akalipeleka mwenyewe kwa fundi wa tatu, mimi nikiwa na semina. Aliporudi akasema, “Limepona.” Kweli, wasomaji, taa haikuwaka tena. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyumba ikatulia, tukacheka, tukaenda kula kuku wa kienyeji kama zamani za uchumba. Kitu kimoja tu kilinitatiza. Asubuhi gari lilikuwa zito kuwaka, na likiwaka linazimazima. Nikajiambia ni baridi. Singida mwezi wa sita na wa saba upepo wake unaujua mwenyewe aliyewahi kulala huku.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, nikasikia hodi. Alikuwa mama mkwe wa jirani yangu. “Bibi shamba, amka mwanangu, uchungu umemshika binti.” Nikavaa kitenge, nikachukua funguo. Tukampakia yule dada kiti cha nyuma, analia, amenishika mkono. Nikapiga stata. Gari likakohoa, likazima. Nikapiga tena. Likakohoa, likazima. Vijana wakatoka wakasukuma. Hakuna kitu. Betri ikaanza kuchoka.

Nilikaa pale kwenye usukani nikitetemeka. Kilichotuokoa ni Fuso ya vitunguu iliyokuwa inapita barabara kuu. Dereva, Mungu ambariki, alimpakia yule dada mbele pamoja na mkwewe, akawakimbiza Ikungi. Saa tatu asubuhi nikapigiwa simu: mtoto wa kike, mzima, mama mzima. Nikakaa chini nikalia. Maana ningeweza kupigiwa simu nyingine kabisa.

Mchana nikaulizia fundi. Wakanielekeza kwa mzee mmoja anayetengeneza matrekta na mashine za kukamulia alizeti. Nikasema moyoni, huyu wa matrekta ataniambia nini wakati wataalamu watatu wa mjini wameshindwa? Lakini sikuwa na mwingine.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba, bibi shamba. Linaumwa nini?”

Nikamwambia yote. Nilitegemea afungue boneti. Hakufungua. Akavuta kigoda akakaa, akaanza kuniuliza maswali kama daktari. Taa ilikuwa inawaka saa ngapi? Injini ikiwa baridi au ya moto? Kwenye lami au kwenye mawe? Mvua ikinyesha je? Likiwa na mafuta mengi au kidogo? Kati ya siku tano linawaka siku ngapi?

Nikajikuta najibu vitu ambavyo sikujua kama navijua. Asubuhi, ndiyo. Injini baridi. Na kwenye korongo, kwenye mitikisiko. Kwenye lami ikiwa injini imepata moto, kamwe.

“Na mzee anaendesha lini?”

“Jumamosi na Jumapili, mjini.”

“Mchana, kwenye lami?”

“Ndiyo.”

Akacheka kidogo. “Basi hamkuwa na sababu ya kugombana. Wewe unaendesha gari moja, yeye anaendesha lingine.”

Nilinyamaza. Miezi miwili tumeitana waongo, kumbe kila mmoja alikuwa anasema kweli aliyoiona. Yule mzee akaniambia kwamba ugonjwa unaokuja na kuondoka huupati kwa kubadilisha vipuri. Ukibadilisha kipuri, taa ikikaa siku nne bila kuwaka unadhani umepona, kumbe ilikuwa inapumzika tu. Kwanza ujue unakuja lini, halafu ndipo uutafute wakati huo huo.

Halafu akasema, “Weka funguo, washa swichi, usipige stata.”

Nikawasha. Taa ya oili ikawaka. Ya betri ikawaka.

“Ya cheki injini iko wapi?”

Nikatazama. Hakuna.

Wapenzi wasomaji, hili lishikeni, hata kama mengine yote mtayasahau. Ukiwasha swichi kabla ya injini kuwaka, taa ya cheki injini ni lazima iwake. Injini ikishawaka, inazima. Gari linakuonyesha kwamba balbu ni nzima. Kama haiwaki kabisa, usishangilie. Ama balbu imeungua, ama kuna mtu ameishughulikia.

Yule mzee akafungua dashibodi, akaingiza mkono nyuma, akatoa kishikio cha balbu. Kitupu.

“Bibi shamba,” akasema kwa upole, “hii haikuungua. Imetolewa.”

Nilihisi kichwa kinazunguka. Mume wangu alisema limepona. Aliniangalia usoni akasema limepona. Na mimi alfajiri ile nilikuwa na mama mjamzito kwenye kiti cha nyuma.

Nilitaka kumpigia hapo hapo. Mzee akaniambia, “Gari kwanza. Nyumba utaikuta.”

Akahamisha balbu ya taa nyingine isiyo ya lazima, akaiweka mahali pake. Kisha ndipo akafungua boneti. Kumbe kwenye Toyota za miaka ile kuna kiboksi kidogo cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna matundu yenye majina. Akachukua kipande cha waya, akaunganisha tundu la TE1 na la E1, akaniambia niwashe swichi tena bila stata.

“Hesabu taa.”

Taa ikakonyeza mara mbili. Ikatulia kidogo. Ikakonyeza mara mbili tena. Ikapumzika, ikarudia. Mbili, mbili.

“Ishirini na mbili,” akasema. “Sensa ya joto la maji ya injini. Gari lingekuwa halina tatizo, ingekonyeza mfululizo bila kupumzika.”

Nikashangaa. Taa imetolewa wiki tatu, tena mchana huu gari limekaa tu. Limejuaje? Akanieleza. Taa kwenye dashibodi inaweza kuzima hitilafu ikiondoka, lakini kompyuta ya gari inaiandika. Inaitunza kwenye kumbukumbu hadi umeme wake ukatwe. Hata balbu ukiitoa, yenyewe inaendelea kuandika.

Akanieleza pia kwa nini gari lilikataa alfajiri. Injini ikiwa baridi inataka petroli nyingi zaidi ili iwake. Kompyuta inajua baridi kutokana na ile sensa. Mawasiliano yakikatika, kompyuta haikai bila jibu. Inajiwekea kwamba maji yana nyuzi 80, yaani injini ni ya moto, kisha inatoa petroli ya injini ya moto. Mchana huoni tofauti. Saa kumi na moja alfajiri na upepo wa Singida, injini haiwaki.

Nikamwambia, “Basi tununue hiyo sensa.” Akanitazama kama mwanafunzi asiyesikia. “Namba inakwambia njia yenye tatizo. Haikwambii ni kitu gani kwenye hiyo njia. Ni sensa, ni soketi, au ni waya? Gari la ugonjwa wa asubuhi linapimwa asubuhi. Kesho nakuja.”

Saa kumi na mbili kesho yake alikuwa mlangoni, na mita yake imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Akachomoa soketi ya sensa, akapima. Injini baridi, ikasoma zaidi ya omu elfu mbili. Akairudisha, tukahangaika hadi gari likawaka, tukaliacha lipate moto, akapima tena. Ikasoma omu mia tatu na kitu. Akasema ndivyo inavyotakiwa, joto likipanda usomaji unashuka. Sensa ni nzima! Ningeinunua ningekuwa nimetupa pesa kwa mara ya tatu.

Akaniambia nikae ndani nitazame taa, injini ikiunguruma. Yeye akaanza kushika waya kidogo kidogo, anatikisa, anasogea. Nikakaa nimeikodolea macho. Ghafla ikawaka.

“Imewaka!”

Akaachia. Ikazima. Akashika tena. Ikawaka.

Sijui niwaelezeje furaha ile. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu mwingine pale taa ikiwaka. Sikuwa naona vitu.

Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, karibu na soketi. Nje mzima, ndani umeoza, una kutu ya kijani. Kukiwa na baridi au mtikisiko, ncha zinaachana. Injini ikipata moto kwenye lami laini, zinarudi kugusana. Akakata sehemu mbovu, akaunga kipande kipya, akachomelea kwa risasi, akafunga tepu, akaufunga waya pembeni usivutwe tena. Kisha akachomoa fyuzi iliyoandikwa EFI, akasubiri kidogo, akairudisha, ili kumbukumbu ifutike. “Sasa nenda kwenye korongo lako,” akasema. Nikaenda, nikarudi. Kimya. Akaunganisha kiwaya chake tena, taa ikakonyeza mfululizo. Alinidai shilingi elfu ishirini.

Ijumaa nilirudi mjini. Kilomita 63 nilikuwa napanga maneno. Nilipofika sikusema kitu, niliweka kishikio kitupu cha balbu mezani, kile ambacho mzee alikitoa. Mume wangu alikitazama muda mrefu.

“Ni mimi niliyemwambia fundi aitoe,” akasema.

Nilimweleza habari ya alfajiri ile. Yule dada, Fuso, vijana wakisukuma. Akashika kichwa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema fundi wa tatu alitaka laki mbili za kupima na kubadilisha vitu, naye hakuwa nazo. Yule fundi akamwambia, “Bosi, tutoe balbu tu, mama hataona.” Akakubali. “Nilitaka tukae hata wiki moja bila kugombana.”

“Huna laki mbili? Mshahara unakwenda wapi?”

Hapo ndipo lilipotoka. Alikuwa amemdhamini mdogo wake mkopo wa kununua bodaboda. Mdogo wake akaacha kulipa. Tangu mwezi wa tatu mume wangu alikuwa anakatwa laki moja na nusu kila mwezi.

“Miezi mitano! Kwa nini hukuniambia?”

Akanijibu taratibu, bila hasira. “Nilipokuuliza mwanzoni, ulisema nikimdhamini yule nisikushirikishe. Sikukushirikisha.”

Wasomaji, ni kweli nilisema hivyo. Nilikuwa nakuna nazi, sikugeuka hata kumtazama. Mimi nilisahau kesho yake. Yeye alikaa nalo.

Simtetei. Kutoa balbu ilikuwa kosa kubwa, na tulilala mzungu wa nne usiku ule. Lakini niliwaza yale maswali ya mzee. Huwa ananyamaza lini? Nikakumbuka: ni mwisho wa mwezi, na ni kila ndugu zake wanapotajwa. Ishara zote zilikuwepo, tena kwa zamu, kama taa. Mimi nilikuwa nabadilisha plagi. Nilimnunulia shati, nikapika pilau, nikamwuliza kama ana mwanamke mwingine. Sikuwahi kumwuliza habari ya pesa kwa sauti ambayo mtu anaweza kuijibu.

Jumamosi asubuhi tulikaa na karatasi. Tukaandika deni lote, miezi iliyobaki, na bati zitasubiri hadi lini. Tulimwita mdogo wake, akakubali kurudisha bodaboda iuzwe. Haikulipa deni lote, lakini ilipunguza.

Kwa wenzangu wenye magari mapya kidogo, hamtahitaji kiwaya cha mzee. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kusoma hitilafu kwa magari madogo kuanzia yale ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Magari ya mfumo huo yana soketi ya matundu 16 chini ya usukani, na kifaa kidogo cha kuunganisha na simu kinatosha kusoma namba. Mengi pia hutunza hali ilivyokuwa hitilafu ilipotokea: joto la injini, mwendo, mzunguko. Mwambie fundi asome hayo kabla ya kufuta chochote. Akifuta kwanza, amefuta ushahidi. Makosa mengine hayawashi taa hadi yajirudie safari mbili mfululizo, na taa huzima yenyewe baada ya safari tatu salama. Kwa hiyo taa iliyozima haimaanishi gari limepona. Na kama inakonyeza wakati unaendesha, punguza mwendo, tafuta pa kusimama salama. Injini inamisi vibaya na inaweza kuunguza masega ya ekzosi.

Weka pia daftari dogo kwenye gari. Andika siku, saa, injini baridi au ya moto, barabara gani. Fundi mzuri atalisoma. Fundi anayetaka kubadilisha kipuri kabla hajakuuliza swali hata moja, mshukuru, chukua funguo zako, ondoka.

Deni tulilimaliza mwaka 2024. Nyumba imeezekwa. Gari bado ni lile lile, na mtoto wa jirani yangu anakimbia uani kwetu Issuna. Kila ninapowasha swichi nasubiri kwanza. Hata mume wangu akiwa ameketi pembeni yangu siku hizi anainama kutazama.

“Imewaka?”

“Imewaka.”

Ndipo napiga stata.